Njia ya Mwenye Eda

Ukanda ule mweupe ulikuwa na kingo zilizonyooka, na hilo ndilo lililomfanya Mwanatumu aache kupiga kasia.

Alikuwa akiongoza. Nyuma yake wanawake wenzake wa kijiji cha Shungi walikuwa wamesimama juu ya mbao zao, kila mmoja katika njia yake kati ya safu mbili za maboya ya manjano, wakikata maji kwa kasi ya mazoezi ya asubuhi. Chini ya kila ubao palikuwa na kisanduku ambacho wenyewe walikiita tumbo. Ubao ulipofikia kasi ya mashindano, tumbo lilifunguka na kumwaga mbegu za matumbawe juu ya mwamba. Mpiga kasia akizembea, lilijifunga. Kwa hiyo mwamba wa Shungi haukupandwa na mtu aliyeinama. Ulipandwa na wanawake waliokuwa wakikimbizana juu ya maji, huku watu wa miji ya mbali wakiwatazama kila Jumapili kupitia vioo vidogo vya kamera vilivyofungwa juu ya maboya, wakiwachagulia majina ya sifa na kugombana juu ya nani atashinda.

"Umechoka, mama wee?" Tausi alimpita akicheka. "Au umedondosha pete?"

"Pita tu. Leo nakupa sadaka."

"Sadaka ya mtu aliyeshindwa haina thawabu."

Mwanatumu alipiga magoti juu ya ubao, akavaa miwani ya kuzamia, akatumbukiza uso majini. Chini yake, katika njia yake mwenyewe, mwamba ulikuwa hai: matawi ya kahawia na ya zambarau, changu wachanga wakiingia na kutoka kama watoto wa chuo cha Kurani. Lakini mkono mmoja upande wa kushoto, mahali yalipoanzia maboya ya njia ya Bi Salme, uhai ulikoma ghafla. Kutoka hapo mwamba ulikuwa mweupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na weupe huo ulikwenda sambamba na maboya hadi macho yalipochoka kufuata. Upande wa pili, katika njia ya Tausi, rangi zilianza tena.

Aliinua uso akapangusa maji. Alikuwa amewahi kuyaona matumbawe yakiugua. Maradhi huanza mahali yakatambaa, yakaacha hapa yakala pale. Hayafuati uzi wa fundi.

Bi Salme alikuwa hajaingia majini tangu alipofiwa na mumewe. Alikuwa ndani, eda, na njia yake ilikuwa eda pamoja naye. Hakuna kikao kilichoamua hivyo. Zamani, kabla ya mbao, kila mwanamke wa Shungi alikuwa na jiwe lake la pweza alilorithi kwa mama yake, na hakuna aliyetia fimbo katika tundu la mwenzake. Mwenyewe akifiwa na mume, jiwe lake nalo lilipumzika mpaka atoke. Joto la bahari lilipoyaua mawe, na mbao zilipokuja, desturi ilitoka kwenye jiwe ikahamia kwenye njia bila kumwomba mtu ruhusa. Njia ya mwenye eda haipigwi kasia.

*

Mtaalamu wa Shirika la Mwamba Hai alikuwa bandani akijaza matumbo ya mbao za akiba. Aliitwa Lukindo. Alitoka bara, na katika miaka yake ya Shungi alikuwa amejifunza kuwaamkia wanawake kabla hawajamaliza kuvua viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lukindo, ndani ya tumbo la ubao mnatia nini?"

"Mbegu, mama."

"Na nini tena?"

Aliweka faneli chini. Alimtazama kama mtu anayetaka kujua kama anapimwa.

"Na uji," alisema.

"Uji wa nani?"

"Wa matumbawe. Chakula chao. Mama, haya yanajulikana. Bi Salme alielezwa siku ile ya kukubaliana na shirika. Nilimweleza mimi mwenyewe, na akaniambia nirudie, nikarudia."

Mwanatumu alikaa juu ya pipa tupu. Alimwambia arudie mara ya tatu, kwa ajili yake.

Lukindo alieleza polepole. Matumbawe ya asili yalikufa kwa sababu hayakuvumilia joto. Haya mapya yalizalishwa maabara ili yavumilie. Lakini kiumbe ambaye hakuwahi kuwapo duniani hawezi kuachiwa hivi hivi baharini. Angeweza kuenea, akawamaliza wengine waliobaki, na hakuna ambaye angemrudisha. Kwa hiyo waliomtengeneza walimwondolea uwezo wa kujipatia kitu kimoja anachokihitaji ili aishi. Kitu hicho kimo ndani ya uji. Kila mbao zinapopita kwa kasi, uji hushuka pamoja na mbegu. Zisipopita, mwamba hukaa na njaa miezi miwili, mitatu, kisha hufa.

"Ni tahadhari nzuri, mama. Kiumbe aliyetengenezwa na watu lazima awe na kamba mguuni."

"Na ncha ya pili ya kamba mkaifunga kwetu."

Lukindo aliinama akaiokota faneli.

"Njia ya Bi Salme imekufa," Mwanatumu alisema.

"Niliona kwenye vipimo kwamba haipitiwi. Nikadhani mnapeana zamu, kwamba kuna mtu atashika nafasi yake." Alijikuna shingo. "Sikujua kwamba eda inafika mpaka baharini."

"Huo uji, nasi tunaweza kuupika?"

"Hata mimi naletewa umefungwa kwenye mapipa, mama. Siri yake haiko kwangu."

"Na mashindano yakihama? Watazamaji wakichoka nasi, wakapenda pwani nyingine?"

"Basi na mapipa yatahama, maana watazamaji ndio wanaoyalipia," Lukindo alisema, naye alionekana kama mtu ambaye hajawahi kulisema jambo hilo kwa sauti.

*

"Hodi."

"Karibu, mwari wangu. Pita, pita. Nimekaa peke yangu humu kama jini la pango."

Bi Salme alikuwa mkekani akichambua mchele, bila hina, bila udi, bila wanja. Hata hivyo chumba kilijaa naye. Huyu ndiye aliyekuwa somo wa Mwanatumu. Ndiye aliyemfunda alipovunja ungo, akamketisha na kumwambia ya mwili na ya unyumba ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Ndiye aliyemshika kiuno alipojifungua Rukia. Na wakati wanaume wa Shungi waliposema kwamba mwanamke kusimama wima juu ya bahari ni fedheha, ndiye aliyekwenda kusimama wa kwanza, akaanguka, akasimama tena, kisha akampa mkono mwari wake na kusema, "Njoo tuaibike wawili."

"Wenzetu wa kijiji cha Ndago wanasemaje juu ya kuungana nasi?" aliuliza Bi Salme. "Kesho ndiyo kesho, wanaamua. Mkubwa wao Bi Mkasi ameridhika?"

"Ameridhika kwa neno langu."

"Alhamdulillahi."

"Somo, njia yako imekufa."

Vidole vya Bi Salme vilitulia ndani ya mchele, halafu vikaendelea.

"Nilikwambia unipigie kasia njiani kwangu," alisema. "Wiki ile ya kwanza, hata matanga yalikuwa hayajaisha vizuri. Ulikataa."

"Nilikataa kwa heshima yako."

"Naijua. Nilikufundisha mimi."

"Ungeniambia kwa nini."

"Ningekwambia kwa nini, ungeniuliza na mengine."

Mwanatumu alikuwa amejiandaa kusikia kwamba Lukindo amesema uongo, au kwamba somo wake hakuelewa siku ile, maana maneno ya wataalamu huteleza. Alikuwa tayari kuamini lolote kati ya hayo.

"Nilielewa," alisema Bi Salme, kana kwamba ameyasikia mawazo hayo. "Usinitafutie mlango wa kutokea. Nilielewa vizuri sana. Wakati ule bahari ilikuwa inaingia madarasani. Makaburi ya babu zako yalikuwa yanaondoka na maji, tukiokota sanda ufukweni. Akaja mtu akasema, nina mwamba, lakini ukiuchukua utaulisha milele. Wewe ungejibuje?"

"Ningewauliza wenzangu."

"Ungewauliza, wangebishana. Wangebishana mpaka tuhamie bara tukawe watu wa kuomba viwanja. Nikasema, mzigo huu nitaubeba peke yangu."

"Hukuubeba peke yako, somo. Ulinituma Ndago." Sauti ya Mwanatumu ilikuwa ya chini, maana hakuwahi kumpandishia sauti mwanamke huyu, na hakujua jambo hilo hufanywaje. "Mara ngapi nimekaa barazani kwa Bi Mkasi? Nimekula chakula chake. Nimewaambia wanawake wale wafunike mawe yao ya pweza kwa mwamba mpya, kwamba watapata samaki na ukuta wa bahari, na hawatadaiwa kitu. Walinitazama usoni. Bi Mkasi alisema, huyu mtoto hajui kusema uongo. Nawe ulijua kwamba hajui. Ndiyo maana ulinituma mimi."

Bi Salme alisukuma ungo kando.

"Ndiyo," alisema. "Mtu anayejua huonekana usoni."

Nje mtu alipita akiimba ovyo, na wote wawili walingoja apite.

"Sikiliza, mwari wangu. Shirika linataka njia ndefu. Njia zetu watazamaji wamezizoea. Wamekwisha kuanza kutuona kama ugali wa jana. Tukiungana na Ndago, mashindano yatabaki hapa. Tusipoungana, yatakwenda pwani nyingine. Unajua yakiondoka uji unaondoka. Uji ukiondoka, mwamba wote utakuwa kama njia yangu, na nyumba ya kwanza kubomoka ni yako, maana ndiyo iliyo mbele. Ndago hawatapoteza uhai. Watafungwa kamba tuliyofungwa sisi, na tumeishi nayo vizuri. Watoto wanasoma. Samaki wamerudi. Mimi na wewe tumeheshimika kwa kucheza majini. Ni uongo gani umewahi kuzaa heri kama hiyo?"

"Mawe ya Ndago bado yako hai, somo. Machache, kwenye mkondo wa maji baridi. Ni yao. Hayalishwi na mtu."

"Yatakufa."

"Labda yatakufa."

"Basi kesho utasimama useme ulichokwenda kusema siku zote. Nami nitatoa salamu kabla yako, ili wasikie kwa somo kwanza." Hapo Bi Salme aliinua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuogopa. "Hutanivunja mbele ya watu. Hilo halijapata kufanywa Shungi."

Mwanatumu aliinama akambusu mkono, kama alivyofanya kila alipotoka humo tangu alipokuwa msichana. Hakuahidi kitu.

*

Wanawake wa Ndago walikusanyika ufukweni kwao maji yalipokupwa. Wanaume waliombwa wakae mbali, na Lukindo alikuwa kule juu kwenye minazi pamoja nao, akiwa amejitwika kazi ya kupanga mbao mpya. Zilikuwa nzuri, nyekundu, na majina ya wenyewe yalikuwa yamekwisha kuandikwa ubavuni. Mbele ya mkusanyiko, mawe ya pweza yalichomoza kutoka majini, meusi, yenye mabaka ya rangi hapa na pale.

Tausi aliweka kipaza sauti juu ya kreti, akakiunganisha na chumba cha Bi Salme ili pande zote mbili zisikilizane. Sauti ikatoka, ya joto, isiyo na haraka. Iliwasalimu kwa ukoo. Iliomba radhi kwamba mwenyewe yuko eda. Ilisema mwamba mpya ni rehema, na kwamba Shungi hawakuwahi kujuta. Ikamalizia, "Na huyu hapo mwari wangu Mwanatumu, mnayemwamini, atawathibitishia."

Bi Mkasi alikuwa mbele, amejifunga kanga kibwebwe, mkononi ana fimbo ya kuchokolea pweza ambayo watu walisema hulala nayo.

"Sauti nimeisikia," alisema. "Lakini mimi nilitaka kumsikia mtu. Sema, mwanangu."

Mwanatumu alisimama. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Alijua kwamba kule Shungi mwanamke mmoja alikuwa amekaa mkekani akisikiliza pumzi zake.

"Somo yangu amewasalimu vizuri," alianza. "Mimi nimekuja kulirudisha neno nililowapa. Niliwaambia kwamba mwamba huu ukishapandwa ni wenu. Si kweli. Mwamba huu hauwezi kula wenyewe. Mbao zetu ndizo zinazoulisha, na chakula kinatoka kwa shirika peke yake. Mashindano yakisimama, unakufa. Njia ya Bi Salme haikupigwa kasia tangu aingie eda, na sasa ni nyeupe. Nimeiona kwa macho yangu. Mkiyafunika mawe yenu, hamtakuwa na jiwe lingine la kurudia."

Mwanamke wa nyuma akasema, "Kumbe mlitaka kampani ya kuzama."

Kicheko kikali kikapita katikati yao na kufa.

"Nani alijua?" aliuliza Bi Mkasi.

Mwanatumu alifungua kinywa. Angeweza kusema shirika, na lisingekuwa neno la uongo. Angeweza kusema sote tulidanganywa.

"Mimi nimejua jana," alisema. "Somo yangu alijua tangu mwanzo."

Kutoka kwenye kipaza sauti kilitoka kishindo kidogo, kama kitu kilichoangushwa, halafu sauti ikazimika. Tausi alikuwa amesimama, machozi yakimtoka kwa hasira.

"Umemvua nguo," alimwambia Mwanatumu. "Mjane, yuko ndani, hawezi hata kutoka kujitetea. Umemvua nguo hadharani."

"Angetoka angesema nini, Tausi?"

"Usiniulize mimi. Mimi si mwari wake."

Bi Mkasi alipiga fimbo mchangani mara moja, na wakanyamaza. Alimsogelea Mwanatumu mpaka wakaonana mboni.

"Na ninyi Jumapili? Mtapiga kasia?"

"Tutapiga kasia."

"Mkijua?"

"Nyuma ya mwamba ule wanalala watoto wangu, Bi Mkasi, na watoto wa huyu Tausi. Maadamu watazamaji wapo, tutaulisha. Sisi tumekwisha kufungwa. Ninyi bado."

Bi Mkasi aliyatazama mawe, akazitazama mbao nyekundu zilizopangwa kule juu na majina yake. Mwanamke mmoja kijana alikuwa ameukumbatia ubao wake tangu asubuhi. Sasa aliulaza chini, uso ukielekea mchangani, akaondoka mbele ya wenzake.

"Mawe yetu yatabaki yetu," alisema Bi Mkasi. "Yakifa, yatakufa mikononi mwetu. Nakushukuru. Umetuokoa na jambo ambalo hatungelijua mpaka limetumeza." Akamshika bega, kwa upole kabisa. "Lakini ile ahadi yangu ya kukuletea binti yangu umfunde, nairudisha. Nitamtafutia somo mwingine. Mtu akimpeleka mwari, anataka kujua kwamba mwari huyo siku moja hatasimama ufukweni kumtangaza mkubwa wake."

"Nimeelewa," alisema Mwanatumu.

"Najua umeelewa. Ndiyo maana nimekwambia mwenyewe."

*

Walirudi Shungi kwa miguu. Lukindo alitembea mbele na kreti kichwani. Jioni hiyohiyo angepaswa kulijulisha shirika, na hakuna aliyemuuliza litajibu nini. Njiani Tausi alipunguza mwendo mara mbili, kana kwamba atamngoja Mwanatumu, na mara zote mbili akaongeza mwendo tena.

Mwanatumu hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Salme, maana kulikuwa na jambo ambalo desturi haikumruhusu kulifanya bila ridhaa ya mwenye njia, na mwamba haukuwa na siku za kungoja. Lukindo alikuwa amemwambia kwamba chini kabisa, ndani ya weupe, pengine kulikuwa na vipande vilivyokuwa bado na pumzi.

Mlango ulikuwa umefungwa. Haukuwahi kufungwa mchana, hata siku ya maziko. Ndani alisikia mchele ukipepetwa.

"Hodi, somo."

Ungo ulinyamaza.

"Hodi. Nimekuja kuomba ruhusa ya kupiga kasia njia yako. Kesho asubuhi, ukiniruhusu. Inaweza kuokoka kidogo." Aliweka kiganja juu ya mbao za mlango. "Kunisema utanisema baadaye. Nitakaa chini unieleze yote. Hodi, somo."

Alisikia nyayo zikisogea mpaka upande wa pili wa mlango, karibu sana, kisha pumzi ya mwanamke aliyekuwa amesimama.

"Mwenyewe hayupo," alisema Bi Salme.